Saa Kumi ya Kompyuta

Kinyozi mmoja alikuwa na chumba cha kunyolea mbele ya nyumba yake. Mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wateja wanaosubiri zamu. Watu walimwita Bwana Najua. Jina hilo hakupewa na mama yake, alilitafuta mwenyewe. Ukimwambia mvua inakuja, anajibu, "Najua." Ukimwambia suruali yake imechanika nyuma, anajibu, "Najua," kisha anajivuta kando kujipapasa.

Mkewe alishona mapazia sebuleni. Cherehani yake ilikaa upande mmoja wa dirisha. Upande wa pili ilikaa kompyuta ya mezani, ambayo kinyozi aliinunua kutoka ofisi iliyokuwa inafungwa. Televisheni yao ilikuwa imekufa zamani. Basi siku moja Bwana Najua alirudi na kidude chembamba, kirefu kama kidole gumba, pamoja na antena ndogo yenye waya.

"Hiki kinapokea matangazo," alimwambia mkewe. "Ukikichomeka, kompyuta inageuka televisheni. Tena inarekodi. Kipindi kikipita wewe haupo, ukirudi unakikuta kinakungoja."

"Basi tumwite Mama Waya aje akifunge."

Mama Waya alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alitengeneza redio na kompyuta kibarazani kwake, na mtaa mzima ulimtegemea.

"Mama Waya wa nini? Najua."

Alichomeka kidude. Aliweka programu. Antena aliiegemeza kwenye nondo za dirisha. Picha ikaja, lakini kwa taabu. Mtangazaji alizungumza vizuri, kisha akaganda mdomo wazi, kisha akakatika vipande vipande kama kigae kilichoanguka.

"Mbona amevunjika?" mkewe aliuliza.

"Atazoea," alisema Bwana Najua.

Kinyozi alikuwa na kaka mkubwa. Kaka huyo alipiga tarumbeta katika bendi ya manispaa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mashavu mapana na maneno machache. Jumatano moja alikuja kunyolewa kama kawaida yake. Povu likiwa bado kidevuni, alisema, "Mdogo wangu, Jumamosi saa kumi jioni tunapiga uwanjani. Televisheni wataonyesha moja kwa moja."

"Najua. Sote tutakuja."

"Hilo hujui lote. Ni mara yangu ya mwisho. Jumatatu daktari ananing'oa meno ya mbele. Fizi zimekwisha. Na tarumbeta bila meno ya mbele haipigiki. Meno ya bandia hayahimili."

Kinyozi alishusha wembe.

"Miaka thelathini na moja napuliza," kaka aliendelea. "Kila siku ni mimi ninayewapigia wengine. Natamani mara moja tu nikae kwenye kiti, nijisikilize kama mtazamaji mwingine. Nimesikia kompyuta yako inarekodi."

"Kaka, hesabu imekwisha," alisema kinyozi. "Utakaa, utajisikiliza mpaka ujichoke."

Kaka alicheka, povu likamwingia puani.

Ijumaa Bwana Najua alifungua ukurasa wa ratiba kwenye kompyuta. Mahali pa kuanza aliandika 10:00. Mahali pa kumaliza aliandika 11:00. Mkewe alikuwa anapinda pindo la pazia.

"Umejaribu kwanza?" aliuliza. "Rekodi hata dakika tano za habari, tuone."

"Mke wangu, hii siyo pilau ya kuonja chumvi. Nimeandika saa kumi, itaanza saa kumi."

Jumamosi asubuhi wateja walijaa. Kompyuta ilikuwa sebuleni, skrini imezimwa, taa yake ndogo inawaka. Saa nane mchana kinyozi alifunga duka, wakaenda uwanjani na familia nzima. Bendi ilipiga vizuri siku ile. Katika wimbo wa mwisho kaka alisimama peke yake mbele, akapiga kipande kirefu cha taratibu. Watu waliokuwa wanakula karanga waliacha kutafuna. Shemeji, mke wa kaka, alilia waziwazi.

Waliporudi nyumbani, kinyozi alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliona rekodi mpya, urefu wake saa moja kamili. Hakuifungua. Alimpigia kaka simu.

"Ipo, Kaka! Saa nzima!"

"Mungu akubariki, mdogo wangu. Nitakuja mdomo ukipona, tuitazame pamoja."

Jumapili asubuhi, mkewe akiwa sokoni, Bwana Najua aliketi ili aonje utamu kabla ya wenzake. Alibonyeza. Akatokea bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, amepakata sungura. Kinyozi aliivuta mbele. Sungura. Akaivuta tena. Sungura wengine, wako kwenye banda. Mpaka mwisho wa saa nzima hapakuwa na tarumbeta wala bendi. Ilikuwa ni sungura na majani yao.

Kidogo kidogo alielewa. Kompyuta ilirekodi saa nne asubuhi, yeye akiwa dukani ananyoa watu. Saa kumi jioni, kaka yake alipokuwa anapiga, ilikaa kimya.

Alishika simu. Jina la kaka lilikuwa pale, juu kabisa. Angebonyeza tu na kusema, "Kaka, nimekosea." Lakini aliwaza: kesho anang'olewa meno. Nimpe uchungu juu ya uchungu? Ngoja apone kwanza. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli mwingine ulikuwa chini ya huo: aliona haya. Aliirudisha simu mfukoni.

Jumatatu kaka aling'olewa meno. Jumanne kinyozi alipeleka uji. Kaka alikuwa amejilaza, pamba mdomoni, uso umevimba. Alinyoosha kidole kumwonyesha mdogo wake, kisha akagusa sikio lake na kutabasamu kwa macho. Alikuwa anaulizia rekodi. Kinyozi alitikisa kichwa kukubali. Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza, na haukuwa na hata neno moja.

Wiki ya pili shemeji alipiga simu. Kinyozi alisema kompyuta imeingiwa na kirusi. Siku tatu baadaye alisema waya umeungua. Mkewe alimsikia.

"Waya gani umeungua? Mbona jana nimesikiliza nyimbo?"

"Mambo ya mafundi hayo. Huwezi kuyaelewa."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye cherehani.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi iliyofuata kaka alikuja bila kupiga simu. Alikuwa na shemeji. Alikuwa amevaa koti la bendi, limepigwa pasi, vifungo vya shaba vinang'aa. Alivaa hivyo kwa sababu ya kuja kujisikiliza. Wakati huo kinyozi alikuwa dukani, ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Alipokimbilia sebuleni, mkewe alikuwa amekwisha kuiwasha kompyuta.

"Shemeji, keti hapa katikati," mkewe alikuwa anasema. "Rekodi yenyewe si hii hapa? Saa moja kamili."

"Subiri kwanza!" kinyozi alisema.

Alikuwa amechelewa. Bwana wa koti jeupe alitokea, akasema kwa sauti ya upole, "Sungura hapendi kelele. Ukitaka akue vizuri, mtengenezee mahali pa utulivu."

Hakuna aliyecheka. Kaka alitazama kidogo, akidhani bendi itafuata. Kisha aligeuka.

"Bendi iko wapi?"

"Kaka, nilikosea saa. Niliona tangu Jumapili ile. Nilitaka kukwambia."

"Jumapili ipi?"

"Ile ya kesho yake baada ya onyesho."

Kaka alipojibu, maneno yalitoka na upepo, kwa sababu ya pengo la meno.

"Alhamisi ya wiki ile niliyong'olewa meno walirudia kipindi chote. Saa moja usiku. Wenzangu wa bendi waliniambia mapema. Mimi sina televisheni, na nilikuwa kitandani. Wakataka kunitafutia mtu wa kurekodi. Niliwaambia waache, mdogo wangu anayo rekodi."

Kinyozi alishika ukingo wa meza.

"Kosa la saa ningelicheka mpaka nazeeka," alisema kaka. "Ungeniambia Jumapili, au ungeniambia Jumanne uliponiletea uji, tungeipata."

Alisimama, akafungua kifungo cha juu cha koti kana kwamba linambana, akatoka. Shemeji alimfuata. Mteja wa nusu kichwa alichungulia mlangoni na kuuliza kama amesahauliwa.

Jumatatu kinyozi alikipigia simu kituo cha televisheni. Mama wa upande wa pili alikuwa na adabu. Alisema kipindi kile hawakukihifadhi. Kinyozi aliuliza mara tatu, kwa maneno tofauti. Jibu lilikuwa lile lile.

Jioni alikwenda kibarazani kwa Mama Waya. Alimkuta ameshika redio iliyofunguliwa tumbo.

"Karibu, Bwana Najua. Leo umekuja kunifundisha nini?"

"Mama Waya, sijui," alisema kinyozi. "Njoo unionyeshe."

Mama Waya aliona macho yake, akaacha utani. Alichukua bisibisi zake wakaenda.

Alianza na antena. "Hapa umeifunga jela," alisema. "Nondo na bati huzuia mawimbi. Itoke nje, ipande juu, ielekee mnara. Hujui mnara uko wapi? Tazama antena za majirani zimeelekea wapi. Ila usiipitishe karibu na nyaya za umeme, na usipande juu mvua ikinyesha."

Wakaifunga kwenye nguzo ya mti nyuma ya nyumba. Mama Waya akaiagiza kompyuta itafute chaneli upya. Zilipatikana kumi na nne, na mtangazaji hakuvunjika tena.

"Sasa saa," alisema. "Sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha. Kompyuta inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Saa yetu moja asubuhi, kwake ni saba. Kwa hiyo kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa kumi jioni utaandika ngapi?"

"Kumi na sita," alisema kinyozi kwa sauti ndogo.

"Na usiku, kuanzia saa moja mpaka saa tano, ongeza kumi na nane. Saa moja usiku?"

"Kumi na tisa." Akakumbuka Alhamisi ile, akainamisha kichwa.

Mkewe alikuwa ameleta daftari la vipimo vya mapazia. Aliandika yote.

Mama Waya alifungua ukurasa mwingine. "Tazama hapa. Hii kompyuta umeiacha isinzie ikikaa saa mbili bila kuguswa. Hata ungeandika saa sahihi, huenda ingekuwa imelala kabla ya kipindi kuanza. Iambie isisinzie. Na nafasi ya kuhifadhi imekaribia kujaa. Picha zinakula nafasi kuliko nyimbo. Futa usivyovihitaji kabla, si siku yenyewe."

"Na nikirekodi, nianze saa ile ile?"

"Anza dakika tano kabla, maliza robo saa baadaye. Vipindi havina adabu ya saa. Siku moja kabla, jaribu kidogo, kisha ufungue uone picha na usikie sauti. Ukisharekodi kitu cha maana, kifungue siku hiyo hiyo. Halafu nakili kwenye flashi, uiweke mbali na kompyuta. Na vipindi hivyo viwe vya kutazama hapa nyumbani, si vya kuuza."

"Na mtu akikosea?"

Mama Waya alikusanya bisibisi zake. "Aseme mapema," alijibu. "Kuna makosa yanayorekebishika yakiwa bado mabichi."

Kesho yake kinyozi alibeba mkasi, wembe na taulo, akaenda kwa kaka. Ndevu za kaka zilikuwa zimeota ovyo. Hakutaka kwenda kwa kinyozi mwingine, wala hakutaka kuja kwa huyu.

"Kaka, nilikudanganya. Si sungura tu. Kirusi kilikuwa uongo. Waya ulikuwa uongo. Niliogopa kuonekana mjinga, nikakunyima haki yako."

Kaka alivuta kiti hadi kwenye mwanga, akaketi, akainua kidevu. Kinyozi alimnyoa. Alijua kwamba kunyolewa siyo kusamehewa. Ilikuwa ruhusa ya kuendelea kuja tu.

Miezi miwili ilipita. Nafasi ya kaka katika bendi ilichukuliwa na dada mmoja, karani wa posta, ambaye kaka mwenyewe alikuwa akimfundisha. Bendi ilitangazwa tena kwenye televisheni. Hakuna aliyemwomba kinyozi kitu. Alijaribu siku moja kabla, akatazama, akasikiliza. Aliandika 15:55, akamwonyesha mkewe, na mkewe akasoma kwenye daftari akasema sawa. Siku ile ile alifungua rekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa safi. Alinakili kwenye flashi, ndipo akampigia kaka.

Walikuja Jumapili alasiri, kaka, shemeji na karani wa posta. Kaka hakuvaa koti la bendi. Alikaa mbele, mikono magotini.

"Simamisha hapo," alisema baada ya muda. "Rudisha. Umesikia, binti yangu? Umevuta pumzi mapema."

"Nimesikia, Mwalimu. Uwanjani sikuisikia."

"Huwezi kuisikia ukiwa unapiga. Rudisha tena."

Walirudia mara sita. Kila mara karani aliandika kitu, na mara ya sita alicheka kwa furaha kwa sababu alikuwa ameelewa kosa lake kwa masikio yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuja kila baada ya onyesho, na bendi ikaanza kupata sauti yake ya zamani.

Lakini Jumapili ile ya kwanza, kipande kirefu cha taratibu kilipofika, karani aliuliza, "Mwalimu, wewe ulikuwa unakipigaje hapa? Wenzetu wanasema chako kilikuwa tofauti."

Kaka alifungua mdomo, akajaribu kukiimba. Ulitoka upepo tu. Akajaribu tena kwa kuguna, akaacha.

"Siwezi kukuonyesha," alisema.

Kinyozi alikuwa ameshika kipanya cha kompyuta, macho yake yako kwenye meza. Kaka alinyoosha mkono, akauweka juu ya bega la mdogo wake, akauacha hapo.

"Rudisha," alisema. "Tumsikilize yeye."