Aliyemwandikisha Mama

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi kola ya shati mama yake aliposema tena maneno yale yale.

"Baba yangu? Alitoroka mimi nikiwa tumboni. Mama mdogo aliyenilea ndiye aliyeniambia. Mtu wa namna hiyo hatafutwi."

Asikudanganye mtu, jambo lilikuwa linamuuma mama. Ana miaka sabini na mbili, na kila akilisema sauti inamkauka. Basi kesho yake binti yake, yule fundi, akafunga duka, huyo, hadi ofisi ya vizazi na vifo.

"Namtafuta babu yangu," akamwambia karani, mama mmoja aliyepandisha miwani kwenye paji la uso. "Nafikiri alizaliwa..."

"Humu, mwanangu, hatufikiri, tunasoma," karani akamkatiza. "Usianze na babu. Anza na unachokijua, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Cheti cha kuzaliwa cha mama unacho?"

Binti akatoa karatasi kuukuu. Ilikuwa na jina la mama, majina ya wazazi wake na tarehe, basi. Miaka yote ilikaa mkebeni, na hakuna aliyedhani kuna zaidi.

"Hiki ni cheti kifupi. Daftari lenyewe lina mengi. Jaza fomu, omba nakala ya ukurasa mzima."

Wiki mbili baadaye nakala ikatoka. Karani akashusha miwani, akaweka kidole mwisho wa mstari.

"Aliyeleta taarifa: baba. Kazi yake: mwashi. Mtaa wake nao umeandikwa. Mtoto ana siku tisa. Na sahihi yake hii hapa."

Binti akainama kuitazama sahihi. Mtu aliyekimbia mimba anaandikishaje mtoto?

"Sasa tuna jina kamili, kazi na mtaa," karani akasema. "Twende daftari la vifo, tuanzie mwaka ule ule."

Hawakufika mbali. Mwashi, miaka ishirini na sita, aliangukiwa na ukuta kazini. Mtoto wake alikuwa na miezi minne.

Jioni mama akasomewa karatasi zote mbili.

"Mama mdogo naye aliokota maneno ya watu," akasema. "Na mimi miaka yote hii namnunia mtu asiye na kosa."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Hebu nisomee tena. Pale pa siku tisa."