Mapazia Mafupi ya Mke wa Askari

Fundi cherehani alikuwa anamshonea mdogo wake mapazia, na roho ilimuuma. Kitambaa kilikuwa kizito na kizuri. Madirisha yake mwenyewe aliyaziba kwa shuka kuukuu.

Mdogo wake aliolewa na mwanajeshi. Juzi tu alinunua friji. Sasa mapazia!

"Bajeti ya jeshi imepanda tena mwaka huu," redio ikatangaza.

Fundi akasimamisha cherehani. "Kumbe! Kodi yangu ndiyo itakayoning'inia dirishani kwake!"

Akachukua mkasi. Akapunguza kila pazia shubiri nzima. Hakukosea kipimo, maana kukosea kipimo si kawaida yake. Alifanya kusudi.

Mchana mdogo wake aliyachukua. Jioni alirudi mbio, mapazia mkononi.

"Dada, mbona mafupi? Watu watatuchungulia!"

"Nunua kitambaa kingine. Si mumeo kaongezwa mshahara? Redio imesema."

"Mshahara gani? Haujaongezeka hata kidogo!" Kisha akaona vipande chini ya meza. "Umenikatia kusudi! Basi mimi sina dada." Akayatupa mapazia, akaondoka analia.

Jirani mmoja alikuwa mlangoni na sketi ya kupunguzwa kiuno. Alifanya kazi ofisi ya takwimu, na mtaa mzima ulimwita Mama Takwimu. Alisikia yote.

"Shoga, sare za shule unashona kwa bei ya zamani?"

"Thubutu! Kitambaa kimepanda, uzi umepanda."

"Kwa hiyo umetajirika?"

"Nitajirike na nini? Faida yenyewe imepungua!"

"Na bajeti ni hivyo hivyo. Fedha za jeshi zimeongezeka, sawa. Lakini kama bei zimepanda zaidi, jeshi litanunua vitu vichache kuliko mwaka jana. Halafu tazama bajeti nzima. Huenda shule na hospitali zimeongezewa zaidi, huenda zimepunguzwa. Redio imekuambia?"

"Haikusema."

"Na mwaka mmoja hautoshi. Panga hesabu za miaka mingi, ndipo utajua kama fungu la jeshi linakua au linapungua."

"Na hizo fedha za nyongeza zinakwenda wapi?"

"Magari, mafuta, silaha, pensheni. Si lazima mishahara. Ni haki yako kuuliza, kodi ni yako. Ila iulize serikali. Usimuulize mdogo wako kwa mkasi."

Fundi akainamisha kichwa. "Na ile friji?"

"Anauza barafu. Mimi mwenyewe mteja wake."

Fundi aliokota vipande vyote, akaviunga chini ya mapazia. Mshono ulionekana, hata angefanya nini. Asubuhi akayabeba, akabisha kwa mdogo wake. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Nimekosa, mdogo wangu. Nilikukatia kwa wivu."

Mdogo wake aliutazama ule mshono. "Ingia. Nishikie stuli nitundike."

Mbunge alipofanya mkutano, alijisifu kwamba bajeti ya jeshi imepanda. Fundi akasimama.

"Mheshimiwa, tukitoa kupanda kwa bei, imepanda kweli? Na ni fungu kubwa kiasi gani la bajeti nzima, kwa miaka kumi?"

Mbunge akaahidi majibu, na watu walimfuatilia mpaka yakabandikwa ukutani ofisini kwake. Fungu la jeshi lilikuwa limepungua miaka mingi, kisha likakua miwili ya mwisho. Nyongeza kubwa ilikuwa ya magari. Mkutano uliofuata, watu waliuliza habari za magari. Hakuna aliyenyoosha kidole kwa wake za askari.

Siku hiyo fundi alipita kwa mdogo wake, akapewa maji baridi. Akanywa huku anaitazama friji. Wivu haukuisha, nani kasema uliisha?

"Mdogo wangu, friji yako naionea wivu. Kweli tupu."

Mdogo wake akacheka, akaushika ule mshono wa pazia.

"Na mimi naionea wivu mikono yako, Dada. Tangu tukiwa wadogo."