Lalamiko la Aliyefyatua

Vichwa vya risasi vilipita mbele ya Mpambanuzi, mashine ya ukaguzi, kimoja baada ya kingine, kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Kila kimoja kilizungushwa juu ya magurudumu ya kioo, kikamulikwa kwa mwangapenya, mwanga unaopita ndani ya shaba kama jua linavyopita kwenye pazia jepesi. Kufumba na kufumbua, mashine ilikwisha kujua uzito wake, ncha yake, kitako chake na matumbo yake. Chenye kasoro kilipulizwa na mkono-upepo kikaangukia kwenye pipa jekundu. Kizuri kiliendelea na safari hadi kwenye boksi. Wageni walioletwa kutembezwa kiwandani walipiga makofi, maana watu hupenda kupigia makofi kitu wasichokielewa.

Kiwanda hicho cha Mpanda hakikuuza risasi kamili. Kiliuza vichwa tu. Askari wa vijiji waliokuwa wakilinda mashamba dhidi ya nyati walitumia bunduki za zamani, ambazo risasi zake hazikuwa zikitengenezwa tena popote. Droni za kufukuza nyati zilijaribiwa, nyati wakazizoea kama walivyowazoea yangeyange wanaotua migongoni mwao. Basi kila askari alikaa nyumbani kwake, akasafisha ganda lililokwisha kutumika, akaweka fataki mpya, akapima baruti, akabana kichwa juu yake. Alijaza mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu ni yeye atakayesimama mbele ya mnyama.

Asubuhi hiyo kelele zilisikika kwenye Dirisha la Malalamiko. Injinia Nyamizi, aliyekuwa amehamia kiwandani hapo miezi michache tu iliyopita, alitoka kwenda kuangalia. Alimkuta mama wa makamo aliyejifunga kitenge cheusi, amesimama wima mbele ya kioo kinachoongea.

"Je, wewe ndiye uliyefyatua?" kioo kiliuliza kwa sauti tamu.

"Nimeshakwambia, aliyefyatua tumemzika!"

"Pole sana. Malalamiko hupokelewa kutoka kwa aliyefyatua tu. Tafadhali mwambie afike mwenyewe."

Mama yule alikipiga kioo kwa kiganja. Nyamizi alimshika bega.

"Shikamoo mama. Mimi ni injinia wa hapa. Njoo tukae."

"Marahaba. Sikuja kukaa, mwanangu. Nimekuja kuuliza mmemuuzia nini mume wangu."

Aliitwa Mbuke. Mumewe, Masunga, alikuwa askari wa kijiji kwa muda mrefu kuliko bunduki yenyewe ilivyokumbuka. Nyati mmoja dume aliingia kwenye mihogo ya watu, Masunga akampiga begani, mahali pale pale alipokuwa akipiga siku zote. Risasi ikapasuka kwenye mfupa vipande vipande. Nyati akaja, na hakukuwa na nafasi ya kufyatua mara ya pili.

"Watu wanasema alizeeka, mkono ulitetemeka," Mbuke alisema. "Waongo wakubwa. Risasi iliingia pale pale alipotaka, tumeliona tundu kwa macho yetu. Sasa Jilala, mwanangu, kachukua bunduki ya baba yake. Keshokutwa anaingia porini, na vichwa alivyojazia ni vya boksi lile lile. Nimemkataza. Ananiambia, mama, vimepitishwa na Mpambanuzi."

Alifungua ncha ya kitenge akatoa risasi moja iliyojazwa tayari, imeng'arishwa ikang'aa. Nyamizi alikuwa amewahi kusikia habari ya risasi hizo. Askari wa upande ule, kabla ya kuingia porini, huacha nyumbani risasi moja katika zile alizojaza, imesimamishwa kabatini. Huitwa risasi ya nyumbani. Akirudi, huichukua na kuichanganya na nyingine. Asiporudi, inabaki imesimama pale pale, na hakuna anayeruhusiwa kuifyatua, hata mwanawe.

"Naomba niitazame," Nyamizi alisema.

Aliipeleka kwenye mwangapenya kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye skrini, ndani ya kichwa, upande mmoja, kikaonekana kiputo cha hewa kama punje ya ulezi. Taa ikawaka kijani.

"Kasoro ndogo," Mpambanuzi alitangaza. "Kimepita."

 Nyamizi alikwenda kwenye pipa jekundu akachota gao la vichwa vilivyokataliwa, akavitazama kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo. Kingine kilikuwa na doa la shaba iliyofifia, kingine ncha imebonyea kidogo sana. Vyote vingeruka sawasawa na kuua sawasawa. Mashine iliona kila kitu, hilo halikuwa na ubishi. Iliona kiputo, iliona mkwaruzo, ikatupa mkwaruzo na kuuza kiputo.

Alimfuata meneja, Dakta Kaganda, ofisini kwake, Mbuke nyuma yake.

"Tangu lini kiputo kikawa kasoro ndogo?" aliuliza bila hata salamu.

Dakta Kaganda alikuwa mtu wa upole, upole ule unaokera. "Tangu Mpambanuzi alipoamua, Injinia."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

"Na wateja. Ndio uzuri wa akili unde yetu. Hatukuifundisha sisi, maana binadamu ana upendeleo. Tumeipa malalamiko yote ya miaka yote. Kasoro inayolalamikiwa sana inakuwa kubwa. Isiyolalamikiwa inakuwa ndogo. Na sheria ya kiwanda inakataza mkono wa mfanyakazi kuingilia hukumu zake. Hata wangu."

"Na kiputo?"

"Hakijawahi kulalamikiwa. Hata mara moja." Alitabasamu kwa fahari.

Nyamizi aliwaza ni akina nani wanaokuja pale dirishani. Wanakuja wanachama wa vilabu vya shabaha vya mjini, wenye glavu nyeupe, wanaolia machozi kwa mkwaruzo juu ya shaba yao. Wanakuja kwa sababu karatasi ya shabaha haina pembe za kuua mtu. Mwenye risasi ya kiputo amesimama mbele ya nyati. Huyo hawezi kupanda basi kuja Mpanda kulalamika.

"Daktari," alisema kwa hasira, "mashine yako imefundishwa na waliopona peke yao. Wanaokufa unawahesabu kuwa wateja walioridhika!"

Tabasamu la Kaganda lilitoweka. Alimtazama Mbuke, kisha akatazama meza. "Nampa mama pole. Kwa dhati. Lakini bila lalamiko halali siwezi kusimamisha mafungu ya vichwa yaliyotoka na boksi lile. Mfumo wenyewe haunifungulii."

"Lalamiko halali ni lipi?" Mbuke aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa humo ndani.

"La aliyefyatua, mama. Aje na ganda lake, lililofyatuliwa kwenye uwanja wetu wa shabaha au kwingineko."

Mbuke aliitazama risasi iliyokuwa mkononi mwa Nyamizi.  Nyamizi alielewa anachowaza, akatamani asielewe.

"Mama, hiyo ni ya nyumbani. Wakwe zako watasemaje?"

"Watasema mengi. Naomba bunduki."

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya kiwanda. Masunga alikuwa amemfundisha mkewe kulenga zamani sana, walipokuwa wageni kwenye ardhi ile na nyani wakiwamalizia mahindi. Mbuke alilala kifudifudi, kitenge cheusi kikatandazika mavumbini. Midomo yake ilicheza kidogo. Huenda alimwomba mumewe radhi, huenda alitukana. Akafyatua.

Karatasi ya shabaha ililetwa na waya. Tundu halikuwa la duara. Lilikuwa refu kama tundu la kifungo, kwa maana, kwa umbali ule mrefu kuliko wa nyati, risasi ilifika imelala ubavu, na lilikuwa mbali sana na pale alipolenga. Mbuke aliokota ganda lingali la moto, akarudi nalo dirishani bila kujipangusa vumbi.

"Je, wewe ndiye uliyefyatua?"

"Ni mimi."

"Lalamiko limepokelewa. Ni la kwanza la aina yake. Asante."

"Lalamiko moja halitabadili kitu," Kaganda alisema kwa sauti ndogo kutoka nyuma. "Mpambanuzi anahitaji mengi."

"Unadhani kabati langu ndilo peke yake?" Mbuke alimgeukia. "Injinia, niazime simu."

Walianza kufika kesho yake. Walikuja kutoka vijiji vya msituni, wajane, na akina mama waliozika watoto, kila mmoja na risasi iliyosimama kabatini mwake bila kuguswa. Wengine walishindana na wakwe mpaka mlangoni. Mmoja alimwambia Nyamizi kwamba hatasamehewa na ukoo, akamkabidhi viatu vyake amshikie. Wengi hawakuwahi kugusa bunduki, Nyamizi akawa analala chini kando yao akiwaelekeza, mashavu yake yamelowa na hasira haijapungua hata tone. Milio ilisikika kutwa. Matundu mengi yalikuwa ya duara, kwa kuwa si kila aliyekufa aliuawa na kiputo. Lakini yale marefu yalirudi tena na tena, na ganda la kila moja lilifika dirishani.

Jioni, ndani ya ukumbi, taa ya kijani ilizimika. Ikawaka nyekundu. Mkono-upepo ulipuliza, ukapuliza tena, vichwa vikamwagika pipani mpaka pipa likafurika, na mkanda mzima ukasimama. Dakta Kaganda alivua miwani, asijue aiweke wapi. Kwenye simu ya kila askari, ya Jilala ikiwemo, agizo liliingia la kurudisha vichwa vyote vya mafungu yale.

Mbuke alikuwa dirishani, yeye wa mwisho, akisubiri kuthibitishiwa.

"Kasoro imepandishwa daraja kuwa kubwa," kioo kilisema kwa sauti ile ile tamu. "Tunashukuru kwa ushirikiano. Je, una lalamiko lingine?"

"Ninalo," Mbuke alijibu.

Alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Andika. Alikuwa akiitwa Masunga."