Nilipiga Mpira Nikanyamaza

Nilidanganya watu kwamba ninajua kucheza gofu. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na sikuwa nimeshika fimbo ya gofu hata siku moja.

Jina langu ni Macharia. Niliacha shule darasa la sita. Nina duka la saruji na mabati hapa Kimbo, Ruiru. Tunafungua saa moja asubuhi. Mke wangu, Rachael, anaandika risiti, mimi ninapakia mizigo.

Mteja wetu mkubwa alikuwa injinia anayeitwa Ngigi. Siku moja aliegemea meza ya duka akaniuliza, "Macharia, wewe hucheza gofu?"

"Kidogo kidogo," nikajibu.

"Basi Jumamosi twende Thika. Tuko watatu, tunatafuta wa nne."

Alipoondoka, Rachael aliweka kalamu chini. "Baba Eddie, umecheza gofu wapi wewe?"

"Nimeona kwa televisheni. Mtu anasimama, anapiga mpira. Mpira wenyewe hata hausogei."

"Mwambie hujui. Atakuonyesha."

"Mtu mzima kama mimi aonyeshwe kusimama? Mbele ya watu?"

Nikanunua fimbo za mtumba. Jumamosi tukaenda.

Katika klabu ya gofu ya huko kila mchezaji hupewa kedi. Kedi hubeba mfuko wa fimbo, lakini pia anajua uwanja kuliko mchezaji. Wangu aliitwa Austine, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, anayeishi mtaa wa Landless na mke na watoto wawili. Aliangalia nilivyoshika fimbo, akasogea karibu.

"Mzee, hii ni mara yako ya ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe beba mfuko."

Hakukasirika. "Sawa. Lakini shika mambo mawili. La kwanza, kukiwa na mtu mbele, usipige mpaka nikupungie mkono. La pili, mpira ukielekea kwa watu, ita kwa nguvu: foo. Hapa kila mtu akisikia foo, anainama na kufunika kichwa. Hata ukiita bure, hakuna atakayekucheka."

Katika shimo la kwanza nilipiga udongo. La pili, udongo tena. Ngigi akasema, "Macharia, unalima? Mvua bado." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Tulipofika shimo la tatu, kulikuwa na kundi lingine nyuma yetu likisubiri. Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa letu la Gitothua. Austine alikuwa ametangulia ili aone mpira wangu utaanguka wapi. Upande wa kulia wafanyakazi wawili walikuwa wakikusanya nyasi. Austine aliinua kiganja: ngoja. Kisha akaanza kuwaendea ili awaambie wasogee.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mwingine akasema, "Ama tulale hapa?"

Nikapiga.

Mara hii niliupata mpira. Ulitoka kwa kasi, chini chini, ukapinda kulia kuelekea kwa wale wafanyakazi. Niliuona. Nafasi ya kuita ilikuwepo. Lakini kuita kungekuwa kuwatangazia wote kwamba nimekosea tena. Nikafunga mdomo.

Mpira ulimpiga mama mmoja, Perez, kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Aliangusha reki, akaketi kwenye nyasi, akaukumbatia mkono wake.

Tulipowafikia, Ngigi alimgeukia Austine. "Kedi, kazi yako ni gani? Hukuona kuna watu?"

"Nilimwonyesha mkono angoje," Austine alisema.

Wote wakaniangalia mimi.

"Nilidhani ananiambia nipige," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Austine alinitazama, kisha akatazama chini. Kedi habishani na mchezaji mbele ya wachezaji. Msimamizi wa makedi, Mwangangi, alimsimamisha kazi saa hiyo hiyo. Mimi nikampeleka Perez hospitali, wakakuta kiwiko kimevunjika, nikalipia matibabu. Jioni Ngigi akanishika bega, akasema nina roho nzuri.

Nyumbani Rachael aliuliza, "Mlicheza aje?"

"Kedi mmoja alifanya makosa."

Nilikaa na maneno hayo siku nane. Jumapili ya pili, nje ya kanisa, yule mzee alinisalimia. "Macharia, pole kwa mambo ya yule kedi. Vijana wa siku hizi hawako makini." Nikasema asante. Hapo nilijiona mtu mdogo sana. Usiku ule nilimwambia Rachael ukweli wote.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na watoto wa huyo Austine wanakula nini?"

"Sijui."

"Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi ndiye Austine?"

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo klabu huwaachia makedi uwanja ili wacheze wenyewe. Nilimkuta Mwangangi chini ya paa lao, nikamwomba tuongee kando.

"Kando hapana," alisema. "Mimi nilimsimamisha kazi mbele ya hawa. Na wewe sema mbele ya hawa."

Walikuwa kama thelathini. Nilisimama. "Austine aliniambia ningoje. Sikungoja. Niliona mpira unaenda kwa mama, sikuita. Halafu nikamsingizia."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kedi mmoja mzee akauliza, "Mbona hukuita?"

"Niliona aibu."

"Aibu gani? Mimi nimebebea mabingwa. Wanaita kila wiki."

Mwangangi alimpigia Austine simu arudi kazini. Mimi nikampigia Ngigi, nikamweleza. Akakata simu.

Kutoka hapo nilienda kwa Perez. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono uko kwenye plasta, jirani anamfulia nguo. Nilimwomba msamaha.

"Pesa za hospitali nilipokea," alisema. "Na mpira unaweza kumpotea mtu yeyote. Sisi tukisikia foo tunajikunja. Lakini wewe hukuita, baba."

Wiki iliyofuata nilimwomba Austine anifundishe.

"Mimi nitakubebea mfuko," alisema. "Kufundishwa, nenda kwa mwalimu."

Mwalimu wa klabu anaitwa Lynn. Ni wa umri wa binti yangu. Aliangalia fimbo zangu, akaziweka kando. "Hizi ni ndefu kwako. Usinunue kitu. Tumia za klabu mpaka nikuambie. Na miezi mitatu hutaingia uwanjani. Utapiga hapa pa mazoezi."

"Hapa njiani? Kila mtu ananiona."

"Wataona mzee anakosa mpira mahali pa kukosea. Pamejengwa kwa kazi hiyo. Hakuna anayesimama mbele yako. Haya, shika fimbo. Usiikabe, si kuku."

Alinifundisha kusimama. Alinifundisha kushika. Alinifundisha kuangalia mbele, kulia na kushoto kabla ya kila pigo, hata kama sijui mpira utafika wapi. Na kila mpira uliopinda alinifanya niite kwa sauti. Mwanzoni niliita kama mtu anayenong'ona. "Sijasikia," alikuwa akisema. Nikaita tena.

Mwezi wa nne niliingia uwanjani na Austine. Katika shimo la tano mpira ukapinda kuelekea kwa mtu aliyekuwa mbele. Niliita mpaka koo likauma. Yule mtu aliinama, akafunika kichwa, na mpira ukapita juu yake. Akainua mkono kunishukuru.

"Mzee," Austine akasema, "hata Ruiru wamesikia."

Sasa ninacheza kila Alhamisi, na bado ninacheza vibaya. Mtu akiniuliza kama ninajua gofu, ninasema ninajifunza.

Kunyamaza kwangu kulileta haya. Austine alikaa siku tisa bila kazi, na katika siku hizo kulikuwa na mashindano ambayo kedi hungoja mwaka mzima. Injinia Ngigi hanunui tena kwetu. Perez alikaa na plasta wiki sita. Ilipotolewa, mkono haukunyooka wote, na daktari alisema utabaki hivyo. Sasa anashika reki kwa mkono wa kushoto.