Tundu Katika Pleya ya Maktaba

Folda ilikuwa tupu. Mwalimu Moideen, katibu wa maktaba ya kijiji cha Kallumala, aliifunga, akaifungua tena, kisha akatazama ukutani kwenye mwanga wa projekta kana kwamba ukuta ndio ulioiba. Filamu ya Kiirani waliyokuja kuitazama hapo maktabani ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, ndizi za kukaanga zilikuwa bado moto kwenye sahani, naye alitaka kuukagua ushahidi mara ya mwisho. Kwenye folda ile kulikuwa na video za wanakijiji wakieleza jinsi baruti za machimbo ya mawe zilivyouporomosha mlima juu ya nyumba zao. Kesho asubuhi jaji alikuwa anazisubiri mjini Kozhikode, na zikikosekana machimbo yanafunguliwa tena.

Mwalimu alijipa moyo kwamba nakala ilikuwa kwenye diski, ndani ya kabati la ofisini. Alikwenda, akarudi mikono mitupu.

Walikuwa wanne tu jioni hiyo ya Jumapili, maana mvua ilikuwa imewazuia wengine majumbani. Mwalimu mwenyewe; mzee Kanaran, aliyefukiwa mke na nyumba siku mlima ulipoporomoka, na ambaye ndiye aliyeshika projekta; Tijo, fundi wa kompyuta, kijana mpole aliyemzika baba yake miezi mitatu nyuma; na Shajitha, karani wa posta, ambaye kazi yake ya mapenzi ilikuwa kuzitafsiri filamu za watu wa mbali na kuziwekea maandishi ya Kimalayalam, lugha ya kijijini kwao, chini ya picha. Kwa kazi hiyo halipwi hata chai, na wala hajawahi kulalamika.

Tijo aliketi kwenye kompyuta, akachakura, kisha akashusha pumzi. Akawaonyesha faili la tafsiri ya filamu. Mwishoni, baada ya mistari ya Shajitha, kulikuwa na amri zilizofichwa. Pleya, yaani programu ya kuonyeshea filamu, ilipolisoma faili lile, amri zikapenya na kuifuta folda. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja, maana macho yote yalikuwa yameshamgeukia mwanamke.

"Faili ni lako, binti," Mwalimu alisema polepole. "Na ofisini ni wewe uliyekwenda kuchemsha chai."

"Sikuziandika amri hizo, Mwalimu."

"Na habari ya hilo tundu katika pleya, aliyetuletea hapa alikuwa nani?"

Ni yeye. Miezi miwili nyuma alisimama mbele ya kamati akawaambia kwamba pleya yao ya zamani ilikuwa na tundu, kwamba faili la tafsiri tu laweza kuingiza mwizi, na kwamba walioitengeneza walikuwa wameshatoa kiraka, yaani pleya mpya isiyo na tundu. Kamati ilimcheka kidogo, kisha ikampa Tijo kazi ya kukiweka. Leo maneno yale yalimrudia shingoni.

Mwalimu alifunga mlango kwa ufunguo na kupiga simu polisi. Walisema mti umeanguka barabarani, watachelewa, na mtu yeyote asitoke. Shajitha alitazama madirisha. Yote yalikuwa na nondo, na nje hakuonekana hata mgomba, ni maji tu. Aliogopa, na hakuwa na sababu ya kujidanganya kwamba haogopi. Karani wa serikali akishikwa kwa kosa kama hili kazi imekwenda, na kijijini atakuwa ni yule aliyewauza wenzake, yeye na wanawe. Alikwenda akashika nondo apate hewa.

Huko dirishani ndiko akili ilikomtulia. Alikumbuka aibu aliyoipata filamu ilipoanza. Herufi za Kimalayalam zilitokea ukutani zimevunjika, vipande vyake vimetawanyika huku na kule, mpaka mzee Kanaran akanung'unika kwamba huo ni ukuta wa vigae au ni maandishi. Mwalimu alivua miwani akaifuta. Shajitha alijilaumu kimyakimya, akidhani kosa ni lake. Lakini jana alikuwa amelijaribu faili hilohilo kwenye kompyuta hiyohiyo, na herufi zilikuwa nzima, kila moja imekaa mahali pake.

Aligeuka akaomba awaulize wenzake jambo moja moja, polisi wakiwa bado njiani. Mwalimu alikuna kidevu, akakubali.

Alianza na Mwalimu mwenyewe, kwa sababu mzee huyo alijulikana kwa kuchukia masasisho ya kompyuta. Akiyaona huyazima, akidai yanakula data ya umma. Mwalimu alikiri bila haya, ila akaapa kwamba tangu kiraka kiwekwe hajagusa kitu. Mzee Kanaran naye alikuwa amewahi kusema mbele ya watu kwamba video zile angependa azichome, kwa jinsi zinavyomtonesha. Alikubali kwamba alisema.

"Lakini nikizichoma, mke wangu atasemewa na nani?" aliuliza.

Ikabaki zamu ya Tijo.

"Kiraka ulikiweka, mdogo wangu?"

"Mwezi uliopita, dada. Mwalimu shahidi."

"Na leo mchana ulikuja hapa peke yako."

"Kuijaribu projekta. Kila mara nafanya hivyo."

"Filamu uliitazama yote?"

"Pale benchi la nyuma, mwanzo mpaka mwisho."

"Tafsiri yangu uliionaje? Zilisomeka herufi?"

Tijo alitabasamu kidogo, kama mtu anayempoza mgonjwa. "Safi kabisa, dada. Tangu niweke kiraka, herufi zinatoka safi."

Mzee Kanaran alikohoa. Mwalimu alivua miwani tena, safari hii bila kuifuta.

"Zilivunjika, Tijo," Shajitha alisema. "Kuanzia neno la kwanza. Pleya ya zamani haijui kuunganisha herufi zetu, mpya inajua. Jana hapa palikuwa na mpya. Leo mchana mtu ameirudisha ya zamani, yenye tundu, akachomeka amri zake katika faili langu ili lawama iwe yangu. Na wewe hukuona kitu, kwa sababu hukuwa benchini. Sisi tukiwa gizani na mvua inapiga mabati, wewe ulikuwa kwenye kabati."

"Maneno tu hayo," Tijo alisema.

"Huenda. Ila tangu filamu ianze hakuna aliyetoka nje kwenye mvua hii. Diski ipo."

Mzee Kanaran hakungoja ruhusa. Alikwenda kwenye koti la mvua la kijana, lililotundikwa nyuma ya mlango, akatia mkono katika mfuko wa ndani na kuitoa diski, imefungwa kwenye plastiki isilowe.

Mwalimu aliuliza kama machimbo yamemnunua. Tijo alitikisa kichwa, akaketi sakafuni.

"Baba yangu, Paily, yumo humo," alisema. "Miaka yote kijiji kilidhani ni dereva tu kule machimboni. Yeye ndiye aliyewasha utambi wa baruti siku ile. Amesema kwa mdomo wake. Nikaona kesho mahakama nzima itasikia, na mzee Kanaran atasikia."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Kanaran.

"Video yake uliisikiliza mpaka mwisho?" Shajitha aliuliza. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imemwishia ghafla, hata akajishangaa.

"Nilifika hapo nikazima."

"Mimi nimeitafsiri yote, jaji hajui lugha yetu. Baada ya hapo anamtaja mwenye machimbo, aliyemwamuru awashe wakati watu wamo majumbani. Hakuna shahidi mwingine anayemtaja. Halafu Mwalimu anamuuliza kwa nini ameamua kusema sasa."

"Akasemaje?"

"Kwamba akifa na jambo hili moyoni, utabaki kulibeba wewe."

Tijo alifunika uso, akalia kwa sauti.

Mzee Kanaran aliitoa diski kwenye plastiki. Kisha aliichomeka kwenye kompyuta, akaitafuta video ya Paily, na kuwasha projekta. Tijo aliinuka akitaka kujificha ofisini, lakini mzee alimwonyesha benchi la mbele.

"Kaa hapa na mimi," alisema. "Tumsikilize wote."

Mlango uligongwa; polisi walikuwa wamefika. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu, na Mwalimu hakunyanyuka mpaka Paily alipomaliza kusema.