Gugu Lililofanana na Mpunga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku aliosha vyombo huku akisoma bila kitabu. Sufuria ilipata sehemu za ua, bakuli likapata mzunguko wa maji, na sahani ziligawana mifupa ya mwili. Hakukosea hata neno. Ndiyo sababu wenzake walimpa jina hilo, naye hakulichukia. Kasuku ni ndege, lakini ni ndege anayesema.

Ijumaa moja, hata hivyo, aliosha vyombo kimya. Siku iliyotangulia, mwalimu wa sayansi alikuwa amerudisha karatasi za jaribio. Kasuku alipata vema karibu kila mahali, isipokuwa swali moja: “Eleza kwa nini panzi wengi wa majanini wana rangi ya kijani.” Alikuwa ameandika maana ya uteuzi asilia neno kwa neno, kama ilivyo kitabuni, kisha akamalizia: “Kwa hiyo panzi waliamua kuwa kijani ili ndege wasiwaone.” Pembeni palikuwa na sifuri nyekundu.

“Mwanangu,” mwalimu alimwuliza kwa upole, “wewe umewahi kuamua kuwa mrefu?”

“Mimi huamua kila usiku, mwalimu!” alidakia jirani yake wa dawati, ambaye alikuwa mfupi kuliko wote. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka.

“Mtihani wa mwisho ni wiki ijayo, na swali la mageuko ya viumbe halikosi,” mwalimu alisema. “Jumatatu utakuja kunieleza habari ya panzi hao. Nataka maneno yako, si ya kitabu.”

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Maneno ya kitabu Kasuku alikuwa nayo tele. Yake mwenyewe aliyatafuta siku nzima asiyaone.

Jumamosi alikwenda kumsaidia shangazi yake kupalilia mpunga. Alitaka kumaliza upesi arudi kwenye kitabu, kwa hiyo aling'oa hapa, akaruka pale, akafika mwisho wa mstari huku jasho likimtiririka. Shangazi alikuja nyuma yake, akaokota fungu la miche iliyong'olewa, akashika kiuno.

“Mama wee! Umeng'oa mpunga wetu, ukamwacha mjanja amesimama kama bwana harusi!”

“Mjanja yupi, shangazi?”

Shangazi aliinama akashika mmea mmoja. “Tazama hapa jani linapokutana na shina. Mpunga una kijiulimi cheupe na vinywele. Huyu gugu hana kitu. Lakini urefu, rangi, hata kusimama kwake, ni mpunga mtupu. Wazee walisimulia kwamba zamani wengi wao walikuwa wekundu shinani, unawajua ukiwa mbali. Siku hizi wamejifunza kujificha.”

Kasuku aliona aibu. Aliomba radhi, akarudishia matopeni miche yote iliyokuwa na mizizi mizima, kisha akaanza mstari upya, shina kwa shina, akitafuta kijiulimi. Lakini neno moja lilimkera kama mwiba: wamejifunza. Gugu lingejifunzaje, wakati halina macho wala akili?

Jioni mama alimpa ungo achague mchele.

“Uangalie vizuri,” kaka yake alimwambia. “Juzi nilitafuna kokoto mpaka jino likaita mama.”

Kasuku alichagua taratibu. Kokoto nyeusi alizitoa kwanza, kisha nyekundu. Alipodhani amemaliza, mama alitikisa ungo, akatoa kokoto nyingine, zote nyeupe.

“Mbona umeziacha hizi?”

“Zinafanana na mchele, mama. Sikuziona.”

Mara mkono wake ukasimama juu ya ungo. Zile kokoto hazikujifunza kitu. Hazikuamua kuwa nyeupe. Jicho lake ndilo lililotoa zilizoonekana, likazipita zilizofanana. Na kama kokoto zingekuwa zinazaa, nani angezaa? Hizo nyeupe zilizobaki! Kokoto hazizai, lakini magugu yanazaa.

“Wali utapikwa leo au kesho?” kaka aliuliza.

Kesho yake asubuhi, Kasuku alimkuta shangazi akinoa jembe.

“Shangazi, mjanja si mjanja!”

“Shikamoo kwanza.”

“Shikamoo, shangazi. Yale magugu hayakujifunza. Mlipopalilia, mliyang'oa yaliyoonekana upesi. Yaliyofanana na mpunga yakapona, yakadondosha mbegu, na watoto wakarithi sura ya wazazi. Msimu baada ya msimu, yenye sura ya mpunga yakawa mengi.”

Shangazi aliweka jembe chini. Hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa haraka. “Haya. Na lile la kwanza kabisa, nani alilifananisha na mpunga?”

Kasuku alifikiri. “Hakuna. Lilizaliwa tofauti kidogo na wenzake. Wewe na baba ni tumbo moja, lakini wewe mweusi, yeye maji ya kunde. Nani alichagua?”

“Hm!” Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho. “Miaka yote hii namlaumu kwa ujanja, kumbe mimi ndiye niliyemfundisha?”

“Hukumfundisha, shangazi. Ulimbakiza.”

Jumatatu, Kasuku alisimama mbele ya meza ya mwalimu. Maneno ya kitabu yalimjia ulimini, akayameza. Kisha akaeleza: panzi huzaliwa wakiwa na tofauti, wanaoonekana kwa urahisi huliwa na ndege, wa kijani wengi hubaki, huzaa, na watoto wao hurithi rangi.

“Na panzi mmoja, katika maisha yake, alibadilika akawa kijani?” mwalimu aliuliza.

“Hapana, mwalimu. Panzi ni yule yule. Kilichobadilika ni ukoo.”

Mwalimu aliweka kalamu chini. “Umelisoma wapi hilo?”

“Matopeni, mwalimu. Na kwenye ungo.” Akamsimulia mpunga alioung'oa, gugu aliloliacha na zile kokoto nyeupe.

Katika mtihani, swali lilihusu samaki wa mtoni wenye rangi ya mchanga. Panzi hawakuwamo, wala mpunga, na hapakuwa na sentensi ya kukariri. Kasuku alitabasamu, akaanza kuandika.

Matokeo yalipotoka, swali lile alikuwa amelipata lote. Jirani yake wa dawati alimwuliza, “Sasa tukuite nani?”

“Niiteni Kasuku tu.”

“Mwacheni na jina lake,” mwalimu alisema. “Kukariri si kosa, hata mimi nilikariri. Lakini maneno uliyokariri ni kama mpunga na gugu shambani: kwa mbali yote ni kijani. Ni lazima uiname, ulitazame kila moja mpaka ujue unalolishika. Mwenye haraka hung'oa chakula chake mwenyewe.”

Kasuku aliinamisha kichwa akicheka. Hilo hakuhitaji kulikariri.