Vyumba Chini ya Vigae

Hebu tulia kidogo, uione picha hii. Ua wa nyuma wa nyumba ya matofali mekundu, mjini Burnley, Uingereza, mwezi wa Mei, mawingu yameshuka kama blanketi lililolowa. Katikati ya ua, mwanamume mnene mwenye miaka sitini na kitu amepiga magoti, nyundo ya mpira mkononi. Anagonga kigae cha mwisho. Kisha anainuka kwa kujishika kiuno, anatazama alichokifanya, na anatabasamu peke yake.

Huyo ni Desmond. Vigae vile vya kaure, vipana kama meza ndogo, rangi ya majivu, alikuwa amevitamani tangu astaafu. Mkewe, Maureen, alimwambia aite fundi. Akakataa. Jioni baada ya jioni alitazama video kwenye simu, akanunua mwiko na pima maji, akaanza kuchimba.

Katika kuchimba alikutana na shimo. Jirani yake Neville, aliyekuwa ameegemea uzio na kikombe cha chai, akacheka.

"Umekipata choo cha mababu, Des! Nyumba hizi zote zilikuwa na choo cha shimo uani. Kijaze mpaka juu, ukishindilie. Usiwe mvivu."

"Nenda kakate nyasi zako, Neville. Zimefika kiunoni."

Lakini ilikuwa wikendi ndefu ya mapumziko, na jamaa walikuwa wamealikwa kuja kula nyama choma. Desmond alitupia shimoni maboksi na kokoto kidogo, akafunika. Wala vigae hakuvilaza juu ya saruji iliyojaa, kama inavyotakiwa. Aliweka donge kila pembe na donge moja katikati, kama mtu anayebandika picha ukutani. Ule uji wa gundi unaopakwa mgongoni mwa kaure ili ishike, aliuruka. Kwa juu, palipendeza mno. Kwa chini, kila kigae kilibaki na uwazi wake, na nafasi hizo zote ziliungana na shimo.

Asubuhi iliyofuata, kigae cha katikati kilikuwa kinatoka jasho.

Mvua haikuwa imenyesha. Na kaure hainywi maji wala haiyapitishi. Ndiyo sababu watu huinunua. Desmond aliinama akakipangusa kwa kitambaa. Utelezi ukavutika, ukatoa nyuzi kama mlenda. Alikinusa kitambaa bila kufikiri, kisha akakimbilia pipa la taka na kutapika kifungua kinywa chote.

"Des," Maureen aliita kutoka jikoni, "umekanyaga mavi ya mbwa?"

"Ni saruji. Inakauka."

"Saruji gani inanuka hivyo? Inanuka kama kinywa cha mtu mgonjwa."

"Nimesema inakauka!"

Siku ya karamu jamaa walikaa kwenye viti vya kukunja, soseji zikachomwa. Hakuna aliyemaliza sahani yake. Gemma, binti yao ambaye aliishi nao, alimweka mwanawe Posy chini. Posy alikuwa bado hajajua kutembea. Alitambaa moja kwa moja hadi katikati ya ua, akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye mstari kati ya kigae na kigae, akaanza kunyonya.

"Mama, hebu mtazame huyu," Gemma alisema, akicheka kwa mashaka. Kisha Posy akainua kichwa ili apumue, na mlio wa kunyonya uliendelea.

Gemma alimnyakua, akamtia kidole kinywani, akavuta. Zilitoka nywele. Zilikuwa mvi ndefu zilizoshikamana kwa ute wa manjano, akavuta nazo zikazidi kuja, na mwishoni mwake ukining'inia ukucha wa mtu mzima. Shangazi mmoja alitapika kwenye maua. Wageni waliaga haraka lakini kwa adabu, kila mmoja akisifu vigae.

Tangu siku hiyo Posy alikataa maziwa. Daktari alimpima, hakuona kitu. Mashavu yake yaliingia ndani, na pumzi yake ikaanza kunuka kama ule uwanja wa nyuma. Kutwa alikaa kwenye mlango wa kioo akiupiga kwa viganja, akitaka kutoka. Na kila alipopiga, kitu kilijibu kwa kupiga vigae kutoka chini, kwa mwendo uleule.

"Baba, ving'oe," Gemma alinong'ona. "Nakuomba."

"Litakuwa bomba la maji machafu tu, mwanangu. Nitaita mtu alitazame. Unajua mgongo wangu ulivyoumia kwa vigae vile?"

"Mtoto wangu anakwisha, wewe unaniambia habari za mgongo?"

Maureen hakubishana. Alivaa koti akaenda kumwita Mchungaji Ruth, mama mwembamba ambaye ndiye hutumwa na kanisa kwenye nyumba zilizoingiliwa na pepo. Alikuja kwa baiskeli, mabuti ya mpira miguuni, mfuko wa chumvi kikapuni. Alipofika uani alijiziba pua kwa leso, akagonga kigae kwa kisigino. Kililia kama debe tupu. Akagonga kingine, na kingine.

"Pako wazi chini kote," alisema polepole. "Bwana Desmond, kilichokuwamo shimoni kilikuwa kimejibanza mahali pamoja. Wewe umekijengea vyumba. Mvua haikifikii, jua halikifikii. Kimestarehe, na sasa kinataka wa kukaa naye."

"Basi kiombee kiondoke."

"Nitaomba. Lakini siwezi kukitoa kwenye nyumba ambayo mwenyewe hataki kuibomoa."

Desmond alivitazama vigae vyake, vilivyonyooka, vilivyong'aa kwa manyunyu. Akasimama. Akaendelea kusimama.

"Des," Maureen alisema kwa sauti ya chini sana kutoka kwenye mlango wa kioo, mtoto begani. "Posy amelegea."

Ndipo aliposhika mtaimbo. Kigae cha kwanza kiliinuka bila ubishi, kwa kuwa hakikuwa kimeshika popote, na chini yake, kati ya donge na donge, ule uwazi ulikuwa umeota nyama, laini, ya waridi, yenye unyevunyevu kama upande wa ndani wa shavu, na ilipoguswa na mwanga wa mchana ilijikunyata na kujikunja, nywele za mvi zikisimama juu yake, na Desmond akatapika palepale lakini hakuacha, akang'oa cha pili na cha tatu, akivunja na kutupa, huku Mchungaji Ruth akimfuata nyuma na kumwaga chumvi na kuomba bila kupaza sauti, na Neville akaruka uzio na mfuko wa chokaa begani bila mzaha hata mmoja, na kila chumba kilichofunguliwa kilitoa pumzi ya moto ya kinyesi cha watu waliokufa zamani, mpaka vikabaki vigae viwili, kimoja, halafu shimo lenyewe.

Maboksi yalikuwa yamegeuka uji mweusi. Katikati ya uji ule palikuwa na midomo miwili minene, inachezacheza, inatafuta.

"Mwaga yote," Mchungaji alinong'ona, na Neville akamwaga chokaa.

Ulisikika mlio kama sinki linalomeza maji ya mwisho, mrefu, wenye ulafi. Halafu kimya. Ndani ya nyumba Posy alimtapikia bibi yake begani, kitu cheusi chenye kamasi, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio cha njaa. Gemma alitafuta chupa ya maziwa huku akijigonga kwenye makabati.

Shimo lilijazwa mpaka juu, likashindiliwa. Ua umebaki udongo mtupu. Desmond havisikitikii vigae. Kinachomkaa kooni, akiketi kula, ni ule muda aliosimama akivitazama, mjukuu wake amelegea nyuma ya kioo.

Nawe, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukisikia harufu mbaya, na mtoto yuko chini, mwinue kwanza. Habari ya nani amekosea itasubiri.